Wachezaji Wanapofurika Mlangoni



Tarehe 6 Julai 2016 kampuni ya Niantic ya Marekani ilifungua mchezo wa simu uitwao Pokémon GO, ikianzia Australia na New Zealand. Wahandisi walikuwa wamekadiria idadi ya wachezaji na, kwa tahadhari, wakajiandaa kupokea mzigo mara 5 ya makadirio hayo. Katika dakika 15 tu hesabu yao ilikuwa imekwisha pitwa. Hatimaye mzigo ulifika mara 50. Watu wengi wakashindwa kuingia mchezoni, na kampuni ikaahirisha kwa muda kuufungua katika nchi nyingine.

Wako wasemao kwamba dawa ni kuongeza mashine tu. Hao hawajapata kukaa dirishani siku ya malipo! Ofisi yaweza kufungua madirisha 10. Lakini makarani wote wakiandika katika leja moja, foleni huhamia kwenye leja. Ndivyo zilivyo seva za michezo. Seva impokeayo mchezaji, isipoweka kumbukumbu yoyote ndani yake, yaweza kuongezwa asubuhi na kuondolewa usiku bila yeye kupoteza kitu. Alama zake, mali yake na mahali alipofikia sharti vitunzwe kwingine, katika hifadhi ya pamoja. Na hifadhi hiyo nayo sharti igawanywe, ili kundi moja la wachezaji lisilingojee jingine. Kazi ngumu iko hapo, na huamuliwa mapema, kwani leja haigawanyiki kwa urahisi umati ukiwa mlangoni.

Niantic ilikodi kompyuta za Google, zile ziitwazo wingu ingawa ni vyuma vilivyomo katika majumba yanayopozwa usiku na mchana. Programu ya Kubernetes iliwasha na kuzima nakala za seva kadiri ya mahitaji. Hata hivyo, wahandisi walilazimika kuhamia toleo jipya la mtambo huo ili waongeze mashine zaidi ya 1,000, na kubadili pia chombo cha kugawa mzigo kati ya seva, huku mamilioni wakiendelea kucheza. Mchezo ulipofunguliwa Japani tarehe 22 Julai 2016, waliojiandikisha walikuwa mara 3 ya wale wa Marekani majuma mawili kabla. Safari hii mitambo ilihimili.