Kirikuu ya Umeme: Nani Alipe, Nani Afaidi



Mada niliyokabidhiwa yahusu mustakabali wa magari madogo ya mizigo yenye bei nafuu, pamoja na yale yaendeshwayo kwa umeme. Nami, ili nisitangetange katika habari za viwanda vya ughaibuni, nimechagua gari moja tu ambalo hapana mchuuzi wa Dar es Salaam asiyelijua, nalo ni kirikuu, pikapu ndogo kuukuu itokayo Japani.

Aghalabu watu hudhani kwamba udogo wa gari hili ni hiari ya mhandisi, kumbe ni amri ya sheria. Tangu mwaka 1949 serikali ya Japani ililiweka gari dogo katika daraja lake peke yake, lenye takhfifu ya kodi. Na kwa vipimo vya mwaka 1998 gari la daraja hilo halina ruhusa kupita urefu wa mita 3.40, wala upana wa mita 1.48, wala injini ya sisi 660, na mzigo wake usizidi kilo 350. Ndani ya mipaka finyu ya daraja hilo Daihatsu na Suzuki, waliotoa Hijet mwaka 1960 na Carry mwaka 1961, wameshindana kwa zaidi ya miaka sitini, na makuukuu ya ushindani huo ndiyo hutufikia bandarini. Marekani mambo yalikwenda kinyume: ugomvi wa kuku waliouzwa Ulaya ulizaa, mwaka 1964, ushuru wa asilimia 25 juu ya magari mepesi ya mizigo yatokayo nje, na taifa tajiri kama lile likabaki na uhaba wa pikapu ndogo ya bei rahisi. Anayetaka kubashiri habari za gari la bei nafuu, basi, na atazame forodha kabla ya kutazama karakana.

Ile sheria ya kilo 350 haikusafiri melini pamoja na gari. Nendeni soko la Ilala alfajiri mkaitazame kirikuu ikipakiwa matenga ya nyanya: springi za nyuma zimeongezwa na fundi hata gari likiwa tupu huinamisha pua, matenga yamepita kimo cha kibini, na utingo amekaa juu ya mzigo kwa kuwa kiti chake cha mbele kimechukuliwa na mwenye nyanya. Mzigo wa namna hiyo injini ya petroli huubeba kwa kunguruma. Betri nayo huubeba, illa kwa kupunguza kilomita za siku.

Tufanye hesabu kidogo. Mitsubishi walianza kuuza Minicab ya umeme, gari la daraja hilo hilo dogo, mwaka 2011, ikiwa ya boksi. Toleo lake lililofanywa upya mwaka 2023 lina betri ya uniti 20, na kwa kipimo cha maabara huenda kilomita 180. Kilomita 100 ni kama uniti 11, na hata tukizifanya 20 kwa ajili ya mzigo, joto na foleni ya Buguruni, uniti moja ya LUKU kwa matumizi ya kawaida haifiki shilingi 400, yaani jumla haifiki shilingi 8,000. Kirikuu ya petroli iendayo mwendo huo kwa lita 7 hula zaidi ya maradufu ya fedha hiyo.

Hapo ndipo wasemaji wengi hukoma, wakapigiwa makofi. Mimi naona hapo ndipo mambo yanapoanza. Katika biashara hii tajiri hununua gari, dereva hununua mafuta. Jioni dereva hupeleka hesabu, yaani kiasi alichopangiwa kwa siku, kwa tajiri, na kisaliacho, baada ya petroli na ujira wa utingo, ndicho riziki yake. Maadamu petroli hutoka mfukoni mwa dereva, kila shilingi iokolewayo na umeme ni ya dereva, ilhali ughali wa betri wote humwangukia tajiri. Tajiri akipandisha hesabu ili arudishe mtaji wake, dereva, ambaye hana ithibati kwamba nafuu hiyo itadumu, atamrudishia funguo na kwenda kwa tajiri mwenye petroli. Si kwamba dereva hapendi maendeleo, anajua kuhesabu.

Bodaboda wameanza kuukwepa mtego huu. Mwenye pikipiki ya mkataba, alipaye kidogo kidogo hata chombo kiwe chake, ndiye huyo huyo tajiri na dereva, kwa hiyo gharama na faida hukutana katika mfuko mmoja. Kule Kigali, tangu mwaka 2019, kampuni ya Ampersand imekwenda mbele zaidi: mwendeshaji hainunui betri pamoja na pikipiki, bali hubadilisha iliyokwisha kwa iliyojaa na kulipia umeme, kama alivyokuwa akilipia petroli kituoni. Njia hiyo yaifaa kirikuu pia, ingawa betri yake haichomolewi kwa mikono ya mtu mmoja.

Wataalamu wa BloombergNEF wakadiria kwamba uniti moja ya betri, iliyozidi dola 1,000 mwaka 2010, ilishuka hadi wastani wa dola 115 mwaka 2024. Habari njema, lakini wengi wetu hatununui magari mapya. Fundi wetu huijua injini kuukuu kwa sauti, kwa moshi na kwa rangi ya oili; betri iliyochoka haitoi sauti wala moshi. Nashauri kila gari la umeme liingialo kuukuu liwe na cheti cha uwezo wa betri uliosalia, kilichoandikwa kwa asilimia, kabla halijatolewa bandarini.

Yabaki neno la usiku. Kirikuu nyingi hulala yadi, penye mlinzi, taa moja na soketi ya kuchajia simu. Gari kumi zikitaka chaji usiku mmoja, hizo ni uniti 200, na sharti uvutwe umeme wa njia tatu. Mwenye yadi, ambaye leo hupokea ada ndogo ya kulaza gari, atageuka muuza nishati, na kati ya tajiri na dereva atataka fungu lake. Bei atakayoitoza kwa uniti, wala si ile ya LUKU niliyoitumia hapo juu, ndiyo ya kutiwa katika hesabu.