Pweza wa Pate na Mchezo wa Harambee

Msikilizaji, kisiwani Pate akina mama wavuvi wa pweza wamewahi kukubaliana kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa, pweza wapate kukua. Kutamka ni rahisi. Lakini maji ya bamvua yakishakupwa, mtu hupita kando ya tundu, akaona vijiwe na magamba ya kaa mlangoni, akajua mwenyewe yumo. Kinachomzuia asimchome ni nini? Wengi hujibu: elimu ya mazingira. Mimi sikubali. Ajuaye thamani ya pweza ndiye amtamaniye zaidi, akishuku kwamba akimwacha leo, mwenzake atamchukua kesho.

Mwaka 2001 wanauchumi Fischbacher, Gächter na Fehr walichapisha jaribio la Zurich: kila mtu achangie mfuko mmoja, kisha wote wagawane. Karibu nusu walitoa zaidi kadiri wenzao walivyotoa. Takriban theluthi hawakutoa kitu. Hao theluthi wapo kila mahali, na mahubiri hayawabadilishi. Hatari ni ile nusu inayowatazama. Utasema, wanafunzi wa Uswisi wana nini na mwamba wetu? Swali la haki. Lakini mwanaanthropolojia Jean Ensminger aliucheza mchezo wa namna hiyo na jirani zetu Waorma wa Tana River, nao wakaubatiza papo hapo mchezo wa harambee. Wastani walichangia asilimia 58 ya walichopewa. Harambee waliijua: humo mchango wa kila mtu huonekana.

Pingamizi zito ni njaa: tumbo halingoji. Kweli, ndiyo maana hufungwa sehemu tu, kwingine kukabaki wazi. Na faida si ndoto. Utafiti wa 2015 kuhusu mara 36 za kufunga miamba Madagaska ulionyesha kwamba, katika mwezi wa kwanza baada ya kufungua, kila mvuvi alipata kwa siku karibu asilimia 90 zaidi kuliko kabla ya kufunga. Mavuno hayo ya mwanzo ndiyo yanayomvuta mwizi wa usiku wa kuamkia ufunguzi.

Basi viongozi wa BMU, vikundi vya usimamizi wa fukwe, punguzeni semina. Siku ya kufungua watu waingie saa ileile, wote pamoja. Mnunuzi akatae pweza wa mwamba uliofungwa. Na faini ikitozwa, isomwe hadharani, hata kama aliyetozwa ni ndugu wa mwenyekiti.