Bakteria Hupeana Usugu wa Dawa



Husikika mara kwa mara mgonjwa akimweleza mganga kwamba mwili wake umeizoea amoksilini, na kwa hiyo aandikiwe dawa kali zaidi. Kauli hiyo inaeleweka, lakini si sahihi. Mwili hauizoei antibayotiki. Wanaobadilika ni bakteria, na jambo zito zaidi ni kwamba huweza kuwagawia uwezo huo bakteria wa jamii nyingine kabisa.

Ndani ya utumbo wa kila binadamu wamo bakteria wengi wasiomdhuru. Baadhi yao hubeba kipande kidogo cha vinasaba chenye umbo la pete, kiitwacho plasmidi. Bakteria mwenye plasmidi huungana na jirani yake, hutoa nakala na kuipitisha. Ni kama mkulima anayemgawia mwenzake mbegu za maharage huku ghalani mwake hakijapungua kitu. Plasmidi moja yaweza kubeba usugu wa dawa nne au tano kwa pamoja.

Jambo hili halikujulikana jana. Miaka ya 1950, katika hospitali za Japani, wagonjwa wa kuhara damu walikutwa na bakteria wa Shigella waliozishinda dawa kadhaa kwa mkupuo. Bakteria wa kawaida wa utumbo wa wagonjwa haohao nao walizishinda dawa zilezile. Mwaka 1959 watafiti Ochiai na Akiba walionyesha kwamba usugu ulikuwa ukipita kati ya aina hizo mbili.

Mgonjwa anapomeza antibayotiki, bakteria dhaifu hufa na wenye plasmidi hubaki na nafasi tele. Kutoka kwake husafiri kwa mikono, beseni, mashuka na mpira wa mkojo hadi kitanda cha pili. Aliyewabeba huenda asiugue hata kidogo.

Tanzania ina ushahidi wake. Katika wodi ya watoto wachanga ya Hospitali ya Bugando, Mwanza, kulitokea mlipuko wa maambukizi ya damu ulioripotiwa na wanasayansi mwaka 2011. Bakteria aliyehusika alibeba kinasaba kiitwacho CTX-M-15, ambacho hutengeneza kimeng'enya cha kuvunjavunja seftriaksoni na dawa za jamii yake. Mwaka 2016 alipewa jina Enterobacter bugandensis, sifa ambayo hakuna hospitali ingeiomba. Bakteria wa aina hiyo wamekwisha kupatikana hata katika Kituo cha Kimataifa cha Anga.

Huko Muhimbili, utafiti uliochapishwa mwaka 2005 uliwafuatilia watoto wenye maambukizi ya damu. Miongoni mwa waliokuwa na bakteria wenye kimeng'enya cha namna hiyo, asilimia 71 walifariki. Kwa wale ambao bakteria wao hawakuwa nacho, asilimia 39. Kipimo cha kuotesha vimelea, kinachobainisha dawa ipi ingali inafanya kazi, huchukua siku mbili au tatu. Kwa mtoto mchanga hizo ni siku nyingi mno, achilia mbali safari ya kutoka Laela hadi hospitali ya rufaa, Sumbawanga au Mbeya.

Ndiyo maana anayekwenda kumpongeza mzazi wodini huombwa anawe kwa sabuni kabla ya kumpakata mtoto, na asikae kitandani pa mgonjwa. Ndiyo maana vidonge vilivyobaki havigawiwi kwa jirani mwenye mafua, ambayo husababishwa na virusi na hayaponi kwa antibayotiki. Muuzaji wa duka la dawa muhimu anayedai cheti kabla ya kuuza dawa hizo hana roho mbaya, anatekeleza sheria.

Hata hivyo, kumhimiza mtu anawe mikono mahali pasipo na maji ni maneno matupu. Kila zahanati na kituo cha afya kina kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka miongoni mwa wananchi. Mkazi anayekuta ndoo tupu au sabuni imekwisha mlangoni pa wodi ya wazazi ana haki ya kulipeleka suala hilo kwa mjumbe wake, na kuuliza katika mkutano wa kijiji limefikia wapi.