Ridhaa ya Mzazi na Mwili wa Binti



Mzazi akiulizwa kama atamruhusu bintiye wa miaka 15 kufanyiwa upasuaji wa urembo, pua inyooshwe au midomo ijazwe, wengi hapa Garissa watasema hayo ni ya matajiri wa Nairobi na Dubai. Nasema swali hili linatuhusu sisi kuliko wengi, kwa kuwa tumelijibu kwa wembe vizazi na vizazi. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2014 ulikuta kwamba katika Kaskazini Mashariki yetu zaidi ya wanawake 9 katika kila 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, ilhali kwa Kenya nzima walikuwa asilimia 21. Kufikia 2022 kiwango cha nchi kilikuwa kimeteremka hadi asilimia 15. Binti wa kwetu hukatwa mara nyingi akiwa na miaka 5 hadi 9, kabla hata ya kuvunja ungo, na anayeamua ni mama, nyanya au shangazi, baba akijua na kunyamaza.

Tuanze na jambo tunalokubaliana sote. Mtoto akizaliwa na mdomo sungura, au kidole tumbo chake kikivimba, mzazi hutia sahihi karatasi ya hospitali na hakuna amlaumuye. Angekataa ndipo tungemlaumu. Sahihi hiyo ina nguvu kwa sababu mtoto ana haja na hawezi kuisemea mwenyewe. Ni amana, na amana ina mipaka ambayo mali haina. Kila mzazi anayeombwa ruhusa ya kumkata mwanawe basi ana maswali mawili ya kujiuliza: je, kuna maradhi au hitilafu inayomzuia kula, kusema, kuona, kutembea? Na je, akingojewa afikishe miaka 18 ataumia? Ukeketaji unaanguka kwenye yote mawili. Kinachoondolewa ni kiungo kizima, kisicho na ugonjwa wowote, na ule wa kushonwa, uitwao wa kifirauni, huacha tundu dogo ambalo mkojo na damu ya mwezi hupitia kwa taabu, kisha siku ya uzazi mkunga hulazimika kumfungua mama kwa mkasi. Pua ya msichana wa miaka 15 nayo inaanguka kwenye swali la pili, maana uso wake huenda bado unakua na hapotezi chochote akingoja.

Hoja nzito kuliko zote siku hizi ni ile ya daktari. Husemwa kwamba ngariba na wembe wake wamepitwa na wakati, kwa hiyo binti apelekwe kwa muuguzi, adungwe ganzi, akatwe kidogo tu, ile waiitayo sunna. Mwaka 2017 Daktari Tatu Kamau alikwenda mahakamani kuipinga Sheria ya Kukataza Ukeketaji ya 2011, akidai kwamba mwanamke mtu mzima ana haki ya kuchagua kukatwa, tena na mtaalamu. Tarehe 17 Machi 2021 majaji 3 wa Mahakama Kuu walilitupa ombi lake. Tukumbuke kuwa hata yeye alikuwa akizungumzia watu wazima. Mtoto hakuwa na nafasi katika hoja hiyo tangu mwanzo. Na usalama wa hospitali tusiutegemee. Juni 2007 nchini Misri msichana wa miaka 12 alifia mikononi mwa daktari, katika kliniki, ganzi ikiwepo. Ganzi huondoa uchungu wa saa moja, kilichokatwa hakirudi. Kuhusu jina hilo la sunna, Ibrahim Lethome Asmani na Maryam Sheikh Abdi walichapisha mwaka 2008 kitabu kilichopitia ushahidi wa dini kwa makini, wakaonyesha kwamba Uislamu haukuagiza jambo hili. Kisomwe misikitini.

Kuna pingamizi jingine ambalo ninaliheshimu. Watu huuliza kwa nini Mzungu akipunguza mashavu ya uke wake kwa ajili ya urembo huitwa mteja, na mama wa Wajir akifanya linalofanana huitwa mhalifu. Dharau imo katika kauli hiyo ya wakubwa wa dunia, na tuiseme wazi. Ila dawa yake ni kuwakinga watoto wote kwa kipimo kimoja. Sheria yetu ya 2011 inagusa kila ukataji wa viungo hivyo usio wa matibabu, haijali kama umefanyika Mandera au katika kliniki ya kifahari. Inasema mila na dini havihesabiwi, na kwamba ridhaa ya aliyekatwa si utetezi. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 3 au faini isiyopungua shilingi 200,000, au vyote viwili. Nao Waingereza wamefika palepale kwa njia nyingine: tangu tarehe 1 Oktoba 2021 ni kosa katika England kumdunga aliye chini ya miaka 18 sindano za kujaza midomo au kulainisha uso kwa ajili ya urembo, hata mzazi akubali.

Linabaki lile la msichana anayetaka mwenyewe. Wapo, na wanalia. Wanataka kwa sababu wenzao huwaita buuryo-qab, yaani wasiokatwa, kama vile msichana wa mjini anavyoitaka pua mpya baada ya kuchekwa kwenye simu. Machozi hayo ni ya kweli, lakini ugonjwa uko kwa wanaocheka, na hakuna daktari anayemtibu mchekaji kwa kumpasua anayechekwa. Mama anayempeleka bintiye simwiti katili. Anaogopa binti atakosa mume. Hofu hiyo hawezi kuiondoa peke yake. Itaondoka siku akina baba watakapotamka mbele ya watu kwamba wana wao wataoa mabinti wasiokatwa.

Akina baba mlioketi hapa, likizo ndefu ya mwisho wa mwaka ndiyo majira ya wembe. Semeni kabla shule hazijafungwa.