Nani Atailipa Nyumba ya Mama?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya kikao cha Waswahili, London)



Katika kikao kilichopita kijana mmoja wa Kisangani alisimama pale nyuma akauliza suala fupi. Nyumba ya mama yake iliangushwa na kombora Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana siku sita ndani ya mji usiokuwa wao. "Mzee, nani atailipa?" Tukanyamaza. Mmoja wetu akacheka, si kwa ubaya, bali kwa kuwa tumezoea kuwa vita vikipita raia hufagia vifusi vyake mwenyewe. Leo nataka kumjibu kijana wetu, na itabidi nianze mbali, kwa Mayahudi wa Ulaya, kwa sababu hakuna raia walioidai mali yao kwa mpango na kwa muda mrefu kama wao.

Novemba 1938 maduka ya Mayahudi wa Ujerumani yalivunjwa na masinagogi yakatiwa moto. Jee, serikali ya Hitler ilifanya nini? Iliwatoza Mayahudi wenyewe faini ya marki bilioni 1, na fedha za bima walizostahiki ikazichukua serikali. Aliyevunjiwa ndiye aliyelipa! Vita vilipokuja ikawa zaidi. Ufaransa, Ubelgiji na Uholanzi, nyumba zipatazo 70,000 za Mayahudi zilikombwa, vitanda, masufuria, piano, mashuka, vikapakiwa kupelekwa Ujerumani.

Vita vikesha, Novemba 1947 Wamarekani katika eneo lao la Ujerumani walitoa sheria ya kurejesha mali inayotambulikana, nyumba hii, kiwanda kile. Vizuri. Lakini nyumba ambayo baba, mama, watoto na ami zao wote wameuliwa, nani atakwenda kuidai? Kwa kawaida mali isiyo na mrithi huangukia serikalini, maana yake Ujerumani ingewarithi watu iliowaua. Mayahudi walilikataa hilo. Waliunda jumuiya, na mwaka 1948 ikatambuliwa kuwa ndiyo mrithi wa wasio na mrithi, ikadai kwa niaba yao, na fedha zikaenda kuwasaidia walionusurika. Mimi naiona fikra hiyo kuwa kubwa kuliko pesa zote zilizokuja baadae.

Na pesa zilikuja na ugomvi. Januari 1952 Jerusalem watu walivurumisha mawe kwenye jengo la Bunge la Israel, Menachem Begin akiwa mbele, wakisema kupokea fedha za Ujerumani ni kuwauza marehemu. Sisi tunaoijua diya hatustaajabu mali kutolewa kwa damu, lakini tunajua pia kuwa wako jamaa huikataa, na hawalaumiwi. Bunge lilipiga kura, 61 kwa 50. Tarehe 10 Septemba 1952, mjini Luxembourg, Ujerumani Magharibi ilikubali kuipa Israel marki bilioni 3, sehemu kubwa kwa bidhaa, kwa gharama za kuwapokea wakimbizi, na marki milioni 450 kwa baraza la jumuiya za Kiyahudi za nje. Sheria za kuwalipa watu mmoja mmoja zikafuata.

Sasa sikilizeni, khasa nyinyi mnaodhani walipewa tu kwa huruma. Sheria ya 1957 iliyohusu vyombo vilivyoporwa ilimtaka mdai aonyeshe kuwa vitu vyake viliingia katika ardhi ya Ujerumani Magharibi au Berlin. Mjane wa Paris atajuaje kabati lake lilishushwa kituo gani? Ndio maana tangu 1948 walikuwa wameshaunda chombo cha mawakili, kilichoanzia hapa hapa London, cha kuwasaidia wasio na uwezo kuandika madai. Waroma, ambao nao waliuliwa na Wanazi, hawakuwa na nguvu hiyo. Mwaka 1956 mahakama kuu ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwa kuhamishwa kwao kabla ya 1943 hakukuwa kwa sababu ya rangi, na madai mengi yakaanguka. Uamuzi huo ulikuja kugeuzwa 1963, na wazee wangapi walikuwa wameshakufa?

Ndugu zetu wa Ghuba wanaukumbuka mfano wa karibu zaidi. Iraq ilipotolewa Kuwait 1991, Umoja wa Mataifa uliunda tume ya fidia na kukata sehemu ya mapato ya mafuta ya Iraq. Aliyelazimika kukimbia hakuombwa ushahidi mzito, alithibitisha kuwa alikuwako na kwamba aliondoka, akapewa dola 2,500, au 4,000 kama hana dai jingine. Watu wa kawaida walitangulizwa mbele ya makampuni. Tume ililipa jumla ya dola bilioni 52.4, na malipo ya mwisho yalitoka Januari 2022. Kwa hiyo linawezekana, anayelipa akiwa ameshindwa vita na ana mafuta.

Turudi Kisangani. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kuwa Uganda inawajibika. Rwanda haikuguswa, mahakama ilisema 2006 kuwa haina mamlaka juu ya kesi yake. Hesabu ya Uganda ilitoka tarehe 9 Februari 2022. Congo ilidai zaidi ya dola bilioni 11, ikapewa milioni 325, na ndani yake milioni 40 tu ni za mali zilizoharibiwa. Kwa nini? Majaji waliona kuwa fomu nyingi za wahanga zilizopelekwa hazikuambatana na ushahidi, wakakisia jumla. Baina ya kombora na hukumu ni miaka 21 na zaidi, na serikali yenye mawakili wa kulipwa ilikwenda na karatasi tupu!

Uganda ilianza kulipa Septemba 2022, dola milioni 65 kwa mwaka. Uko mfuko wa kuwagawia wahanga, FRIVAO, wenye makao Kisangani. Na Septemba 2025 aliyekuwa waziri wa sheria wa Congo alihukumiwa miaka mitatu katika kesi ya dola milioni 19 za kujenga gereza, fedha zilizotokana na mfuko huo huo. Sina la kuongeza hapo.

Kijana wangu, jibu ni kuwa wa kulipa yupo na fedha zimeshaanza kutoka, lakini hakuna anayemtafuta mama yako. Ulinambia anayo picha ya harusi iliyopigwa uani mwaka 1997, nyumba inaonekana nyuma, na stakabadhi mbili za kodi ya kiwanja. Jumamosi njoo nazo tuzitolee nakala, na jirani wa zamani anayeishi Birmingham mwambie aandike alichokiona, atie saini na tarehe.