SEVA YA NYUMBANI INAPOFUNGIWA NJIA
(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimepewa dakika chache nizungumzie kazi ambayo baadhi yenu mmeianza: kuweka seva nyumbani, ili mitihani ya zamani na maelezo ya masomo yapatikane Kibiti, Nyamisati na vijiji vya delta. Kazi ni njema. Lakini ipo siku seva hukataa kufunguka, na neno la kwanza huwa, "Tumefungiwa!" Swali ni hili: tumefungiwa wapi?

Chombo kikikwama deltani, nahodha hutazama chombo chenyewe, kisha maji kama yamekupwa, kisha mlango wa mto. Nasi tutoke ndani kwenda nje.

Kwanza, ifungue seva kwenye mashine hiyo hiyo, kwa anwani 127.0.0.1. Ikikataa, kasoro imo katika programu. Mtandao hauna kosa.

Pili, jaribu kwa simu iliyo kwenye Wi-Fi ya nyumba hiyo. Ikishindwa, huenda ruta imeipa seva anwani mpya, au ukuta-moto wa kompyuta umezuia. Iko pia programu ya ulinzi iitwayo fail2ban: isipobadilishwa, ukikosea nywila mara 5 hukufungia dakika 10. Mlinzi huyo amefanya kazi yake. Soma kumbukumbu zake, kisha iweke anwani yako kwenye orodha ya wanaoruhusiwa. Usiuzime ukuta wote kwa hasira, maana wezi nao watapita.

Tatu, zima Wi-Fi ujaribu kwa data ya simu. Ikishindwa hapo tu, tazama anwani ya nje iliyoandikwa kwenye ruta. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, unashiriki anwani moja na wateja wengine wa kampuni. Fungu hilo lilitengwa mwaka 2012, kwa kuwa anwani za mtindo wa zamani, zipatazo bilioni 4.3, hazikutosha. Kufungua mlango kwenye ruta hakutasaidia. Omba kampuni anwani yako mwenyewe, au seva ipige njia yake kwenda kwenye kompyuta ya kukodi iliyo nje. Ukitumia VPN, kumbuka kuwa Oktoba 2023 TCRA ilitangaza watumiaji wajiandikishe.

Nne, uliza majirani. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi ilikatika Somanga. Tarehe 12 mwezi huo nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika upande wa Afrika Kusini, intaneti ikadorora nchini. Siku kama hiyo usiguse mipangilio yako. Walio ndani ya nyumba wataendelea kusoma. Kwa hiyo nashauri nakala moja ikae hapa shuleni, kijana asikose somo kwa sababu ya waya uliokatika mbali.

Vijana, andikeni kila hatua daftarini, na mbadilishe jambo moja kwa wakati mmoja. Anayejua alipokwama hamsingizii mtu.