Mvua na Bajeti: Mambo ya Kumwambia Mwakilishi Wadi Kabla ya Vikao Kurejelewa



Mvua za masika hunyesha kati ya Machi na Mei. Miezi hiyo hiyo Serikali ya Kaunti huandaa bajeti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka makadirio yafike katika Bunge la Kaunti kufikia Aprili 30, na mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Kwa hivyo mwakilishi wadi anapozuru mtaa wakati wa mvua, bunge likiwa likizoni, ziara hiyo haipaswi kuwa ya kutoa pole tu. Anayoyaona na kuambiwa wiki hizo ndiyo atakayobeba vikao vikirejelewa. Asipoambiwa, mtaro uliofurika Aprili huenda ukakosa fedha mwaka mzima.

Mwaka wa 2024 uliacha funzo. Usiku wa kuamkia Aprili 24, Mto Mathare ulifurika na watu wakapanda mapaani kuokoa maisha. Shule zilizokuwa zifunguliwe Aprili 29 hazikufunguliwa hadi Mei 13. Kote nchini, mafuriko ya msimu huo yaliua watu zaidi ya 200. Mwezi Mei, serikali ya kitaifa iliamuru walioishi ndani ya mita 30 kutoka kingo za mito wahame, na nyumba nyingi za Mathare na Mukuru zikabomolewa. Familia zilizoondolewa ziliahidiwa shilingi 10,000 kila moja. Kwa waliopoteza kitanda, vitabu vya watoto na mtaji wa biashara, hicho kilikuwa kiasi kidogo.

Eastlands hupata maji mengi kwa sababu iko chini. Mto Nairobi huanzia kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, hupita katikati ya jiji, Gikomba na Korogocho, kisha Dandora na Njiru. Mvua ikinyesha sana upande wa juu, maji hufika huku hata kama mtaani hakujanyesha. Udongo mweusi wa sehemu nyingi za Embakasi nao ukishalowa haunywi maji upesi. Mtaro ukiwa umejaa taka, maji hayo huingia majumbani.

Ni vyema kujua ni nani anayehusika na nini. Katiba imeipa kaunti kazi ya mitaro ya maji ya mvua katika maeneo ya makazi, uzoaji wa taka, zimamoto na kukabiliana na majanga. Majitaka yakifurika, huduma hiyo iko chini ya Kampuni ya Maji na Majitaka ya Nairobi. Barabara zilizo chini ya KURA au KeNHA hushughulikiwa na mamlaka hizo, pamoja na mitaro iliyo kando yake. Darasa la shule ya msingi ya umma likiezuliwa paa, mbunge ndiye wa kuulizwa kuhusu hazina ya NG-CDF, ambayo sheria yake ya 2015 ilitenga asilimia 5 kwa dharura.

Mwakilishi wadi hashiki fedha wala hachimbi mtaro. Kazi yake ni kutunga sheria za kaunti, kupitisha bajeti na kufuatilia jinsi fedha zilivyotumika. Anahitaji ushahidi ili aifanye kazi hiyo. Kusema "mtaa wetu unafurika" hakumsaidii sana kwenye kamati. Ripoti inayofaa hutaja mahali hasa: kalvati ipi, karibu na shule au kituo kipi cha matatu. Hutaja tarehe na saa, maji yalifika wapi, magotini au kiunoni, ni nyumba ngapi ziliingia maji, na kilichoziba njia. Iandikwe, itiwe sahihi na wakaazi kadhaa, na nakala ipelekwe kwa msimamizi wa wadi, ambaye ofisi yake haiendi likizo pamoja na bunge. Jambo likiwa zito, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa Bunge la Kaunti.

Kuna jambo ambalo watu huogopa kulisema barazani. Baadhi ya mitaro imejengewa vibanda na vyumba vya kupanga. Mwenye kibanda analisha watoto kwa kibanda hicho, na jirani yake wa chini ndiye anayelala majini. Likisemwa mapema, kabla ya mvua, kuna muda wa kutafuta nafasi nyingine ya biashara na kufungua njia ya maji. Likinyamaziwa, huja tingatinga, na tingatinga halina nafasi ya mazungumzo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa sasa, usalama kwanza. Mtoto asivuke mto wala mtaro uliofurika akienda shule. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, kwa sababu mafuriko huchanganya maji na majitaka na kuleta kipindupindu. Waya wa umeme ulioanguka usiguswe. Kenya Power hupatikana kwa nambari 97771. Kwa dharura piga 999 au 112, au Msalaba Mwekundu kwa 1199.

Mwakilishi wadi anapofika barazani, aulizwe mambo matatu: ni mitaro ipi ya wadi hii imo katika makadirio yaliyo mbele ya bunge, ni kiasi gani kimetengwa, na kazi itaanza mwezi gani. Majibu yaandikwe. Bajeti ikishapitishwa, wakaazi waombe kuona ukurasa wenye jina la wadi yao. Katiba inawapa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Mtaro ukikosekana kwenye ukurasa huo, wakati wa kuuliza ni Julai kukiwa kukavu, kabla mvua za vuli hazijaanza Oktoba.